Maswali ya wasomaji: "Used to" haina leo

Swali: Natembeza wageni hapa Mikindani. Juzi nilimwambia mgeni, "I use to bring visitors here every Saturday," maana yangu kila Jumamosi huwa naleta wageni. Akaniuliza kwa nini nimeacha, na mimi niko naye kazini! Kosa langu ni lipi? – Msomaji, Mikindani

Jibu: Umeitafsiri "huwa". Kiswahili kina hu- ya mazoea: huamka, huleta, huenda. Ukiitafuta kwenye Kiingereza unakutana na "used to", unaona nayo inahusu mazoea, basi unaing'oa ile d ili iwe ya siku hizi. Haikubali. Katika maana hii maneno hayo hayana wakati uliopo. Tena mgeni hakuisikia tofauti hata kidogo, kwa kuwa d inamezwa na t inayofuata. "Use to" na "used to" mdomoni zote ni "yuustu". Alichosikia ni kwamba zamani ulikuwa ukileta wageni, sasa huleti tena. Swali lake lilikuwa la haki kabisa.

"I bring visitors here every Saturday" ingetosha. Ukitaka ile "huwa" isikike, tia "usually" kabla ya kitenzi: "I usually bring visitors here on Saturdays."

"Used to" iwekee yale yaliyokuwapo yakakoma, na kwa mtembeza wageni wa Kusini mifano haikosi. "A train used to run from Mtwara to Nachingwea": treni ilikuwa ikienda, kisha reli ikang'olewa miaka ya 1960. "People used to cross the Rufiji by ferry": ndivyo walivyovuka wasafiri wa Dar es Salaam mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Angalia kitenzi kinachofuata, "run" na "cross": kiko mtupu, hakina -ing wala -ed.

Sasa kuna mtego wa pili, nao unanasa hata waliosoma sana: neno "nimezoea". Sisi tukisema "nimezoea kuamka saa kumi alfajiri" mara nyingi tunataka kusema tu kwamba ndiyo saa yetu ya kuamka. Mtu akaandika, "I am used to wake up at four." Hapo pana makosa mawili. La kwanza ni la umbo: baada ya "am used to" hufuata jina au kitenzi chenye -ing, "I am used to waking up at four." La pili ni la maana, na ndilo zito. Sentensi hiyo haisemi kwamba unaamka saa hiyo kila siku. Inasema kuamka saa hiyo hakukusumbui tena, mwili umekubali. Kama hapakuwa na ugumu wowote wa kuzoea, rudi kwa "usually". (Na hiyo saa kumi usiiandike "ten". Wageni wameshaachwa na boti kwa sababu hiyo.)

Kwa anayeanza kuzoea, tumia "get": "You will get used to the heat," yaani joto hili utalizoea. Asiyezoea bado atasema "I am not used to it yet."

Ukitaka kuzitenganisha zote kwa mara moja, chukua korosho:

"Bibi used to shell cashews by hand." Bibi alikuwa akibangua kwa mkono; ameacha.
"Bibi is used to shelling cashews by hand." Bado anabangua, na kwake si taabu, hata na yale mafuta ya ganda yanayounguza vidole.
"This machine is used to shell cashews." Mashine hii inatumika kubangulia.

Ya tatu ni kutumika, si kuzoea, ndiyo maana kitenzi kimerudi kuwa kitupu. Sikio nalo linasaidia: katika mbili za mwanzo s ni s, "yuustu", katika ya mashine ni z, "yuuzd tu". Ukiandika "This machine is used to shelling", umeipa mashine moyo wa kuvumilia.

Swali: Mwalimu anataka "didn't use to", rafiki yangu anaandika "didn't used to". Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Lindi

Jibu: Mwalimu. "Did" imeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo d ya pili haina kazi: "We didn't use to have a bridge," "Did you use to live in Kilwa?" Wazungu wenyewe huikosea, maana hawaisikii. Kwenye mtihani usiwafuate.

Swali: Kwenye barua ya maombi ya kazi niliandika "I used to work in Newala for three years." Nimeambiwa nifute "used to", ilhali kazi hiyo imekwisha kweli. – Karani wa ghala, Masasi

Jibu: Futa. Ukishataja jumla ya muda au ya mara, kama "for three years", "twice" au "five times", unatoa hesabu iliyofungwa, na Kiingereza kinataka wakati uliopita wa kawaida: "I worked in Newala for three years." Ukiacha miaka, "I used to work in Newala" inasimama, ila mwajiri anataka miaka. Usichanganye na mara kwa wiki au kwa mwezi, hiyo inaruhusiwa kwa kuwa ni desturi: "I used to go to Newala twice a month" haina kosa.