Siku nne bila choo

SWALI: Daktari, niko Kondele hapa Kisumu, naendesha boda asubuhi mpaka usiku, siku nne sasa sijaenda choo na kikitoka ni kigumu kama mawe. Nakula ugali na nyama tu, maji sinywi sana juu choo za huku ni shida. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Unga mweupe wa paketi hauna faiba (nyuzi za mimea zinazolainisha choo) ya kutosha, lakini kubana choo ukiwa kazini juu ya hiyo shida ya choo ndio mbaya zaidi, maana utumbo unaendelea kufyonza maji mpaka choo kinakauka kabisa. Beba chupa ya maji kwa boda, ongeza sukuma, maharagwe, papai, polepole ndio usijae gesi. Asubuhi ukishakunywa chai utumbo huamka, kaa chooni dakika chache kabla ya kutoka, abiria atangoja. Ukiona damu ama unakonda, nenda hospitali leo.