Bahasha nyeupe jioni ya harusi

Mdogo wangu, umeniuliza kama ni kweli Wachina, pamoja na treni zao za kasi, bado wanaogopa nuksi kwenye harusi. Ni kweli. Mimi mwenyewe yalinifika, ila sikusema nyumbani kwa sababu wakati ule mama alikuwa na yake ya kutosha.

Unakumbuka baba alifariki Desemba 2023 nami sikuweza kuja kuzika. Mwezi uliofuata mwenzangu wa hapa ofisini kwetu Guangzhou, tunaposafirisha mizigo, alikuwa anaolewa. Kadi nilishapewa, gauni nilishashona. Siku chache kabla ya harusi akanivuta pembeni, macho chini, akaniomba nisiende. Mama yake alisema mfiwa haendi harusini mpaka zitimie siku 100. Kwao harusi ni jambo jekundu, msiba ni jambo jeupe, na hayo mawili hayakutanishwi.

Niliumia, sikufichi. Nilijifungia chooni nikalia. Umekosa kumzika baba yako, halafu unaambiwa msiba wako utamletea mkosi mwenzio!

Na siku haikuweza kusogezwa. Mwaka wa Joka ulikuwa unaingia tarehe 10 Februari 2024, na kwa kalenda yao mwaka ule haukuwa na lichun, siku inayofungua majira ya kuchipua. Wanauita mwaka wa mjane. Anayeolewa ndani yake wanamhofia kufiwa na mume. Ndoa zilizosajiliwa China nzima zilishuka kutoka milioni 7.68 mwaka 2023 hadi kama milioni 6.1 mwaka 2024. Vijana hutaja kwanza bei ya nyumba na mahari, na wana haki, lakini kina mama wa ofisini kwetu mwaka ule hawakutaka hata kuusikia.

Jioni ya harusi nikasikia hodi. Mhasibu wetu, mama mtu mzima, alikuwa mlangoni na bahasha nyeupe, ameishika kwa mikono miwili. Ndani yuan 101. Rambirambi! Za harusi hutiwa kwenye bahasha nyekundu, tena ziwe shufwa ili heri ije kwa jozi, ila wanakwepa 4 kwa kuwa inatamkwa karibu sawa na kufa. Za msiba huwa witiri, ili msiba usije na mwenzake. Akanipa na peremende, niile palepale.

Nikamuuliza mbona hayuko harusini. Akasema aliyetoa bahasha nyeupe leo hawezi kupeleka nyekundu leo. Akaketi, akauliza baba alipenda kula nini. Tangu simu ya msiba, hakuna mtu mji huu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza habari za samaki wa kupaka, tukakaa hadi usiku.

Ndipo nikamkumbuka shangazi alipokaa eda, miezi minne na siku kumi. Harusi ya mwanawe ilipita yeye yumo ndani, wala hatukumwona mkosi.

Mwenzangu alinitumia video: anatoka kwao chini ya mwavuli mwekundu, mchele unarushwa juu yake. Lakini ukija huku usimpe mtu mwavuli kama zawadi ya harusi. Jina lake linafanana na neno la kutawanyika.

Siku 100 zilipotimia, yeye na mumewe walinialika chakula cha jioni. Nilivaa lile gauni.