Je, vijana huchagua uuguzi kwa wito au kwa ajira?

Ndugu yangu, umeuliza kama vijana wetu wanaomaliza kidato cha nne huomba kozi ya uuguzi kwa wito au kwa kutafuta ajira tu. Nafundisha wanachuo wa stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Tanzania, na ninachokiona ni kwamba sababu hizo mbili mara nyingi hukaa ndani ya mtu mmoja.

Masomo ya stashahada huchukua miaka 3, muda mfupi kuliko njia ya udaktari, jambo ambalo mzazi mwenye kipato kidogo hulipima kwa makini. Ajira nayo hutajwa, ingawa wapo wanaoisubiri kwa muda mrefu hata baada ya kupata leseni.

Hata hivyo, nikizungumza nao faraghani, wengi hunisimulia habari za mgonjwa wa nyumbani. Mmoja aliniambia kwamba akiwa darasa la sita alimuuguza bibi yake aliyepooza, na muuguzi wa zahanati ndiye aliyemfundisha kumgeuza kila baada ya saa 2 na kumkausha mgongo ili asipate vidonda vya kulala. Alipofika wodini kwa mafunzo ya vitendo, mikono yake ilikuwa tayari inaijua kazi. Ninayemhofia ni yule aliyechaguliwa kozi na wazazi, kwa maana zamu za usiku humvunja moyo mapema. Kama unaye kijana anayefikiria uuguzi, mruhusu kwanza akamuuguze ndugu aliyelazwa, hata kwa siku chache, kabla hajaomba chuo.