Usijaze Duka Spea za Boxer Pekee

Nimeuza spea za pikipiki miaka 12, na sehemu kubwa ya rafu zangu ni za Boxer, pikipiki ya Bajaj ya India: pistoni na ringi, sahani za klachi, kabureta, cheni na sproketi. Kwa hiyo kijana akiniuliza namna ya kufungua duka kama langu, simwambii kwamba Bajaj inakufa. Namwambia mtaji wote asiuweke kwenye spea za injini, maana pikipiki za umeme zinakuja.

Boxer haikuteka vijiwe vyetu kwa urembo. Wajapani walitangulia, na chuma chao kilikuwa imara. Pikipiki ya Bajaj, kampuni ya Pune, ilipendwa kwa bei na kwa spea. Ikizima kijijini, fundi wa chini ya mwembe anaifungua, spea inatoka duka la jirani, na kesho yake dereva analeta hesabu kwa bosi kama kawaida. Nguvu ya namna hiyo huiondoi kwa kuleta pikipiki nzuri zaidi.

Mwaka jana nilikwenda Kigali nikasimama karibu saa nzima kwenye kituo cha betri cha Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme. Motari, ndivyo wanavyomwita dereva wa pikipiki ya abiria kule, anaingia, anatoa betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, anaondoka. Nikainama kuitazama ile pikipiki. Haina pistoni, haina kabureta, haina oili ya injini ya kumwaga. Nilirudi hotelini nikihesabu rafu zangu kichwani, na sikulala vizuri. Tena tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme tu.

Bajaj umeme wanaujua. Chetak ya umeme waliitoa 2020. Lakini ile ni skuta ya mijini India, si ya kubeba abiria wawili na gunia. Wakitaka soko letu, pikipiki peke yake haitoshi, kwa sababu dereva anayemaliza betri mbili kwa siku anahitaji kituo kila mtaa. Kampuni iliyozoea kumuuzia wakala na kuondoka italazimika kuishi na mteja kila siku, huku kila ya umeme inayouzwa ikipunguza biashara yake ya spea za injini. Hapo ndipo naiona shida yao kubwa, kuliko hata marufuku ya okada, yaani pikipiki za abiria, kule Lagos, Nigeria, ya 2020 na 2022.

Mimi niliwahi kukopa nikajaza katoni za pistoni za modeli moja. Modeli ikabadilika, na nyingine ninazo mpaka leo. Sasa spea za injini naagiza za wiki mbili tu. Fedha zangu ziko kwenye tairi, tyubu, beringi, breki shuu, shokapu na taa, maana hivyo hata pikipiki ya umeme inavimaliza. Fundi wangu nimemlipia kozi ya umeme. Ana miezi mitatu sasa, na wiki iliyopita kwa mara ya kwanza alifungua kontrola, kifaa kinachoongoza mota ya umeme, akaitengeneza bila kuniita.