Mbayuwayu wa kwenye waya na yule wa veranda

SWALI: Habari Daktari. Nakaa Kahawa West. Tangu Oktoba nyaya za stima mbele ya ploti yetu zilikuwa zikijaa mbayuwayu kila jioni. Aprili wakaanza kupungua, na sasa ni Mei, simwoni hata mmoja. Lakini kwenye veranda yangu kuna kiota cha udongo na wenyewe bado wanaingia na kutoka. Baba watoto anataka kukibomoa kwa sababu ya mavi. Anasema wenzao wameshaenda Ulaya na hawa watafuata. Je, ni wale wale? Na hao walioondoka walijuaje wakati umefika, hata baridi yetu ya Julai haijaanza?

JIBU: Dada, mwambie mzee aweke fito chini kwanza. Si wale wale.

Aliyekuwa kwenye waya ana paji na koo vya rangi ya tofali, mgongo mweusi unaong'aa kibuluu, na mshipi mweusi kifuani. Huyo hatagi Kenya kabisa. Hujenga kwenye mazizi na vibanda huko Ulaya na Asia. Kwetu huja kula. Sasa kitazame kiota chako. Kama kina umbo la kibuyu kilichobandikwa darini, na shingo ndefu ya kupitia, mwenyewe ni mbayuwayu wa hapa hapa: kichwa chekundu-kahawia, kifua cheupe chenye michirizi myeusi. Kila kitonge cha tope amekibeba kwa mdomo, na hutaga mvua inaponyesha kwa kuwa ndipo tope na wadudu hupatikana. Ukibomoa Mei, huenda utaangusha makinda. Kuhusu mavi, pigilia ubao kama futi moja chini ya kiota, uwe unauosha. Basi.

Swali lako la pili ndilo tamu. Wengi husema mvua ya masika ndiyo huwafukuza. Mimi naona mvua huwafungia chakula cha njiani: kumbikumbi wanaporuka, mbayuwayu hushiba na kuweka mafuta, halafu ndiyo huyo. Wala si jua linalowaambia, maana Nairobi tuko karibu mno na ikweta. Tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima haifiki dakika 10. Kalenda wanayo mwilini. Mjerumani Eberhard Gwinner aliwaweka ndege wadogo wahamao kwenye vyumba ambavyo taa iliwaka kwa saa 12 na kuzimwa kwa saa 12 kila siku, mwezi baada ya mwezi. Msimu wa safari ulipowadia, wakaanza kuhangaika usiku vizimbani kana kwamba wameitwa. (Hao walikuwa wa kusafiri usiku, mbayuwayu husafiri mchana, akila hewani.) Saa hiyo ikiachwa peke yake huteleza, kwa hiyo mabadiliko ya mchana huko kaskazini huirekebisha kila mwaka.

Kuna kazi nyingine wanayoifanya wakiwa kwetu: kubadilisha manyoya yote. Kwa kuwa hula wakiruka, hawawezi kuyaangusha kwa mkupuo; huenda unyoya kwa unyoya, miezi mingi. Februari moja nilimshika mmoja tukiwavisha pete miguuni. Upande mmoja wa mkia, unyoya wa pembeni ulikuwa mrefu na mpya. Upande wa pili ulikuwa ndiyo kwanza unachungulia kutoka kwenye ala yake ya kijivu, kama ncha ya kalamu. Mwili mzima ulikuwa na uzito wa vijiko vitano vya chai vya sukari. Kama alikuwa wa kwenda Moscow, ambayo iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu, alibakiwa na kilomita zaidi ya 6,000, na mkia ulikuwa haujakamilika.

Watarudi kuanzia Septemba. Chungulia zile nyaya: wenye mikia mifupi na koo lililopauka ndio waliozaliwa mwaka huu, hawajawahi kuiona Kahawa.