Bakteria wako kila mahali, anza na mizizi ya maharagwe

Dadangu umeuliza mtoto aandike aina gani za bakteria na wanaishi wapi. Kwa umbo kuna wa duara kama shanga, kuna wa kijiti, na kuna wa kujipinda kama yule wa kipindupindu, huyo anakaa kama koma na anasambaa kwa maji machafu ndio maana huku Kisumu maji tunachemsha kwanza. Lakini asiishie kwa magonjwa tafadhali, wengi hawatudhuru kabisa. Ng'oeni mmea mmoja wa maharagwe muoshe mizizi, mtaona vinundu vidogo vidogo, apasue kimoja na ukucha, kikiwa pinki ndani basi bakteria wako kazini wanachukua naitrojeni ya hewa wanalisha mmea, hiyo hataisahau hata siku ya mtihani. Wengine wako kwa maziwa lala, kwa ngozi, kwa utumbo. Na Ziwa Nakuru na magadi yake yote kuna wale wa kijani wanaitwa spirulina, ndio chakula cha flamingo, hata ile pinki ya manyoya inatoka hapo. Ziwa Bogoria nako kuna bakteria wanaishi kwa chemchemi za maji moto.