Siku 21? Mimi nilichana kalenda siku ya kumi na mbili

Mdogo wangu, umeandika kwamba ulijipangia siku 21 za kuamka saa kumi alfajiri usome, siku ya tisa ukapitiwa na usingizi, na tangu hapo unajiona mtu bure, hata kulala hulali vizuri. Nakujibu kama yaya, yaani mkubwa wako, aliyepita humo humo, mwaka wangu wa pili pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nikikaa kwa shangazi mtaa wa Katuba na kozi nne za kurudia.

Hizo siku 21, zinazosemwa kwamba zinatosha kujenga mazoea, zisahau kwanza. Utafiti ninaouamini ni wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliotoka 2010. Walifuata watu 96 kwa siku 84, kila mmoja na jambo lake moja dogo: huyu kunywa chupa ya maji na chakula cha mchana, yule kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Kwa mtu wa katikati kwenye hesabu yao, jambo lilianza kwenda lenyewe kwenye siku ya 66. Wa haraka alitumia 18, wa polepole alikadiriwa kwamba angehitaji 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana mimi niliacha mwezi mzima kwa ajili ya siku moja.

Nilikuwa nimebandika kalenda ukutani, kila asubuhi naweka alama kwa kipande cha mkaa. Siku ya kumi na mbili tulilala matangani kwa jirani. Kurudi, naona kile kisanduku cheupe, nikaichana yote. Ujinga, najua.

Lakini lililoniumiza zaidi lilikuwa taa. Umeme kwetu ulikuwa unakatika jioni na kurudi unapotaka, basi nilikuwa nalala swichi ikiwa imewashwa, ili kuranti ikirudi mwanga uniamshe nisome. Ninyi wa mitaa ya Kenya na Ruashi, huko huko Lubumbashi, mnaujua ujanja huo. Saa saba usiku, puu, chumba cheupe, nyumba nzima inaamka kuchaji simu na kupiga pasi. Nasoma kurasa tatu zisizoingia, saa tisa nalala, saa kumi na moja niko juu tena. Ubongo hupanga ulichosoma mchana wakati umelala. Mimi nilikuwa nauamsha katikati ya kazi. Baada ya wiki chache nilikuwa nalia kwa mambo madogo, asistanti, mwalimu msaidizi wa chuo, akiniita jina tu moyo unadunda.

Nilizima swichi. Halafu nikatafuta kitu kinachotokea kila siku kwetu, kuranti iwepo isiwepo. Kilikuwa mbabula, jiko letu la makaa. Kuwasha moto wa chai ilikuwa kazi yangu, na sufuria ya watu saba haichemki haraka, hasa Julai na baridi ile. Nikaweka daftari kwenye mfuko wa plastiki, nikalitundika kwenye msumari juu ya gunia la makaa. Sufuria ikipanda, daftari linashuka. Kurasa mbili, maji yakichemka nafunga. Shangazi alidhani nimerukwa na akili. Sikuhesabu siku, ila karibu mwezi wa tatu nilijikuta nimeshika daftari bila kukumbuka kulichukua.

Ona tofauti: saa kumi alfajiri ni saa tu, hakuna kinachokushika mkono. Moto wa chai unakushika.

Sitakudanganya kwamba kurasa mbili ziliondoa woga wote. Nililala, na nikilala nilikuwa mtu. Ila ikiwa huzuni imekukalia kila siku kwa wiki mbili na zaidi, chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kutokuwepo, hapo si habari ya daftari tena. Mwambie mtu leo hii, mwende wote kwa daktari au mwanasaikolojia. Mimi nilianza kwa shangazi, usiku, tukichambua sombe, majani ya muhogo, na hakunicheka.

Sasa niambie: kwenu asubuhi nani anawasha moto?